Uzi maalumu: Vitasa vya sefu kutoka nje, tuangalie tumbo la kitasa tuache kuangalia sura

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Nakusanya vitasa vya sefu vya kimakenika, vya kuzungusha namba na vya funguo, visivyo na betri wala skrini. Vingi navipata kwa wauza vyuma chakavu pale Gerezani, vingine kwenye minada ya mali chakavu za ofisi, na kimoja kimoja naagiza nje. Kila nikiweka picha kwenye magrupu, PM inajaa swali lile lile: "Mkuu, hiki ni og au feki?" Nimeona nifungue uzi, kwa sababu swali lenyewe ndilo linalotuponza. Nina kitasa chenye jina kubwa na lebo safi ambacho kimechoka kiasi kwamba nisingekubali kilinde hata pesa za kikoba, na nina kingine kisicho na jina kabisa ambacho aliyekitengeneza alikuwa anajua anachofanya. Ubora wa kitasa cha sefu uko ndani ya kasha linalokaa nyuma ya mlango, na hapo ndipo mnunuzi wetu haangalii kabisa. Anashika kishikio, anagonga mlango kwa kidole, analipa.

Chukua kitasa cha kawaida cha magurudumu matatu, mfano Sargent & Greenleaf 6730, ambacho kimeenea kuliko karibu vyote. Mbele kuna kisahani cha namba, 0 hadi 99. Shafti inatoka kwenye kisahani, inapita unene wa mlango, inaingia kwenye kasha. Humo ndani kuna magurudumu matatu, kila moja lina pengo kwenye ukingo wake, na kuna gurudumu la nne la kuendesha ambalo limefungwa moja kwa moja na shafti. Juu yao unalala wenzo wenye kipau kidogo. Ukipiga namba sawasawa, mapengo matatu yanapangana mstari mmoja, kipau kinadondoka humo, pua ya wenzo inanasa gurudumu la kuendesha, ukizungusha kulia ulimi (kile kipande kinachotokeza kufunga mlango) unarudi ndani ya kasha. Kazi yote inafanywa na metali na springi. Kwa hiyo ukitaka kujua ubora, unauliza metali gani, imekatwa kwa umakini kiasi gani, na springi ina nguvu gani.

Kipimo changu cha kwanza ni uvumilivu wa namba. Kitasa kikitengenezwa ovyo, pengo linakuwa pana kuliko kipau, na kitafunguka hata ukikosea. Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa Los Alamos wakati wa kutengeneza bomu la atomiki, aligundua kwamba vitasa vya Mosler kwenye makabati ya mafaili ya siri vilikuwa vinakubali namba iliyopotoka kwa mbili kila upande. Fanyeni hesabu. Kwenye karatasi, namba 100 kwa kila gurudumu, yaani 100 mara 100 mara 100, ni michanganyiko 1,000,000. Lakini kama kila namba inabeba jirani zake wanne, unajaribu moja kati ya kila tano, yaani 20 mara 20 mara 20, imebaki 8,000. Tena kabati likiwa wazi alikuwa anaweza kuzisoma namba mbili za mwisho kwa kuzungusha tu huku anaongea na mwenye ofisi. Siri za bomu zilikuwa zinalindwa na upana wa pengo kwenye kigurudumu!

Kanuni ya Marekani, UL 768, kwa kitasa cha magurudumu matatu cha Group 2 (kundi la kawaida, makundi nayaeleza chini) inaruhusu uvumilivu wa namba moja na robo kila upande. Maana yake dirisha la namba mbili na nusu, yaani nafasi 40 kwa kila gurudumu, jumla 64,000. Ndiyo maana mimi huwa sishtuki na tangazo la "milioni moja". Naweka namba, nafungua kawaida, kisha napotosha gurudumu moja kwa nusu, kwa moja, kwa moja na nusu, kwa mbili, kushoto na kulia, halafu nahamia gurudumu linalofuata. Kikigoma baada ya moja hivi, safi. Kikifunguka kwa mbili na bado ni kipya kutoka dukani, sikinunui kwa ajili ya kulinda kitu. Naweza kukinunua kwa mkusanyiko, kama mfano wa kazi mbovu.

Jambo moja msilikose: majaribio yote yanafanywa mlango ukiwa WAZI. Kitasa kikiwa mezani, sawa. Kikiwa kwenye sefu, ulimi unatoka na kurudi huku mlango umeachwa wazi. Ukifunga mlango kwa majaribio, utamtafuta fundi wa kutoboa.

Kipimo cha pili ni kile kidude cha kujifunga upya, mafundi wanakiita riloka. Mwizi wa zamani alikuwa anakata kisahani, anagonga shafti kwa nyundo kuelekea ndani, kasha la nyuma linapasuka, kitasa kinaanguka, mlango unafunguka. Riloka iliwekwa kwa ajili hiyo. Kwenye vitasa vingi vizuri, kifuniko cha nyuma ndicho kinachokizuia kidude cha springi. Kifuniko kikiondoka kwa nguvu, kidude kinaruka na kuuziba ulimi. Ukiwa na kitasa mezani, fungua skrubu za kifuniko taratibu, kisha jaribu kusukuma ulimi kwa kidole gumba. Ukigoma, riloka ipo na inafanya kazi. Ukiingia ndani kirahisi, basi umenunua kitasa cha droo.

Kuna kimoja kiko mezani kwangu sasa hivi ninapoandika. Kwa nje kimefanana na 6730 hadi matundu ya skrubu. Kifuniko kikitoka, kwanza unaona kingo za kasha zimeachwa na makombo ya kuyeyushia, hakuna aliyepita na tupa. Gurudumu la kuendesha ni aloi ya zinki, lakini magurudumu matatu ni plastiki laini. Nikikandamiza ukucha kwenye pengo linabaki na alama. Springi ya wenzo ni nyembamba kuliko ya peni. Mahali pa riloka pamechorwa kwenye kasha, kishimo kipo, kidude chenyewe hakipo. Aliyenakili alichukua umbo akaacha kazi. Pembeni nina 6730 ya miaka mingi, magurudumu ya shaba ya njano, ukiyazungusha yanapokezana kwa mguso mdogo unaosikika kwenye vidole, hakuna kuyumba. Hapo hata asiyejua chochote akivishika vyote viwili gizani atakuambia kipi ni kipi.

Ila msikimbilie kusema kila plastiki ni mbaya. Vitasa vya Group 1R vinatumia magurudumu ya plastiki ngumu ya kihandisi makusudi, ili mtu akija na mashine ya eksirei asiyaone mapengo. Herufi R ni ya mionzi. Kwa hiyo uliza plastiki ipi, na imewekwa kwa kazi gani.

Kuhusu hayo makundi, kwa ufupi. Group 2 ni ya kawaida. Group 2M imetengenezwa imkatalie mtaalamu anayetafuta namba kwa kuhisi na kusikiliza kwa saa 2. Group 1 ni saa 20. Kwenye baadhi ya Group 1 za Sargent & Greenleaf, mfano 8400, katikati ya kisahani kuna kipepeo kidogo cha kuzungusha; usipokizungusha, wenzo haugusi magurudumu hata kidogo, kwa hiyo hakuna cha kuhisi. Ulaya wana kanuni yao, EN 1300, daraja A hadi D. Kwa vitasa vya funguo, A inataka funguo tofauti zisizopungua 25,000, B 100,000, C 1,000,000, D 3,000,000. Lakini daraja la kitasa halisemi lolote kuhusu mlango. Kitasa cha Group 1 kwenye mlango wa bati ni fedha iliyotupwa, kwa sababu bamba gumu la kuzuia drili ni kazi ya sefu yenyewe.

Nisiwachoshe. Karibuni, wenye vitasa vyenu leteni, wenye maswali ulizeni.

Mdau wa Mombasa

Shukran sana ndugu yangu. Mimi nina sefu ya marehemu babu, ya Chubb, ya ufunguo. Familia yasema ililetwa na Waingereza. Imekaa Mji wa Kale miaka yote, na sasa ufunguo waingia lakini wazunguka kwa shida. Kuna fundi ataka kunipulizia mafuta ya kopo ndani ya tundu. Nimkubalie? Na je, ina thamani kwa mkusanyaji?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, usimkubalie. Mafuta ya kopo yanalainisha leo, kesho yanashika vumbi yanakuwa gundi. Kwenye kitasa cha namba ni mabaya zaidi: magurudumu yananatana, ukizungusha moja linamvuta mwenzake, na namba yako sahihi inakuwa haifungui tena. Kitasa cha sefu kinasafishwa kikiwa wazi, kinafutwa, kinawekwa grisi kidogo sana sehemu zinazosuguana tu, basi.

Huko kwenu tatizo ni chumvi ya bahari. Sisi wa Dar na Tanga tunaijua. Ukiona unga mweupe kwenye kasha, hiyo ni zinki inaliwa. Kijani ni shaba. Unga ukiwa wa juu juu, unafutika. Ila kuna ugonjwa mwingine wa vitasa vya zamani, hasa vya aloi ya zinki ya kabla ya Vita Kuu ya Pili: aloi ilichanganyika na risasi kidogo, na miaka ikipita inapasuka yenyewe kutoka ndani, kasha linavimba na kuwa na nyufa kama udongo uliokauka. Hicho hakitibiki. Kiweke kabatini kwa historia, usikifungie kitu. Vya Chubb vya ufunguo vya zamani vingi ni shaba na chuma, kwa hiyo una bahati.

Kuhusu thamani, babu alikuachia jina zito. Jeremiah Chubb alipata hataza ya kitasa chake cha kugundua mwaka 1818, baada ya wizi kwenye gati la jeshi la majini la Portsmouth. Ndani kuna liva kadhaa, yaani vipande vya metali vinavyoinuliwa na ufunguo. Mtu akija na ufunguo wa kughushi akainua liva moja kupita kiasi, inanaswa. Mwenye mali akija na ufunguo wake anakuta umegoma, anajua kuna aliyejaribu. Anazungusha upande wa pili kuirudisha, kisha anafungua. Mwaka 1851 wakati wa Maonesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikifungua kwa dakika kama 25, halafu akakifungua cha Bramah, mtengenezaji mwingine wa Uingereza, kwa saa 51 zilizotawanyika siku 16. Waingereza walishtuka, na vitasa vya miaka iliyofuata vikawa bora kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kwa cha kwako angalia mwaka au namba ya mfululizo kwenye shaba yenyewe, usisugue kwa msasa wala kemikali ya kung'arisha. Mkusanyaji analipia alama hizo.

Mdau wa Bujumbura

Mimi huku nimeona sefu ya Kifaransa yenye vifundo vinne vya herufi mlangoni, pamoja na tundu la ufunguo. Imeandikwa Fichet. Hiyo nayo ni ya namba?

Mwanzisha uzi

Ndiyo mkuu, na kama inauzwa, niambie kabla hujamwambia mtu mwingine! Alexandre Fichet alianza kazi Paris mwaka 1825. Vile vifundo vinne kila kimoja kinaendesha kipande chake, hakuna foleni ya magurudumu kwenye shafti moja kama ya Wamarekani. Ni falsafa tofauti kabisa ya kutengeneza. Tatizo la hizo ni vipuri, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha ufunguo wake upo na herufi zinajulikana.

Dada mhazini

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mhazini wa SACCOS. Tumenunua sefu mpya yenye kitasa cha kuzungusha. Aliyetuuzia alisema namba tuliyokuta ndani ndiyo ya kudumu, haibadilishwi. Ni kweli?

Mwanzisha uzi

Dada, si kweli, na nakuomba ulifanyie kazi wiki hii hii. Namba ya kiwandani inajulikana na kila fundi. 6730 kwa mfano inatoka kiwandani magurudumu yote yakiwa kwenye 50. Nyuma ya kasha kuna tundu dogo la ufunguo wa kubadilishia, na kwenye pete ya kisahani, mbali na alama ya juu ya kufungulia, kuna alama nyingine ndogo kushoto yake. Hiyo ya pembeni ndiyo ya kubadilishia. Kama ufunguo huo hukupewa, mdai muuzaji, ni sehemu ya kitasa. Na kama tundu halipo kabisa, angalia kama ni aina ya kubadilisha kwa mkono, inayofunguliwa magurudumu yakatolewa. Kama nayo siyo, rudisheni sefu.

Mkibadilisha, namba ya mwisho isiwe kati ya 0 na 20, kwa sababu hapo ndipo pua ya wenzo inapodondokea na kitasa kitasumbua. Hii inapunguza michanganyiko yenu halisi kutoka 64,000 hadi kama 51,200, ni sawa tu. Msitumie tarehe ya kuanzishwa SACCOS wala 10-20-30. Jaribuni namba mpya mlango ukiwa wazi zaidi ya mara moja, mtu zaidi ya mmoja, kabla ya kufunga. Na kwa fedha za wanachama ningependa muwe na kitasa cha namba pamoja na cha ufunguo kwenye mlango mmoja: namba anayo mmoja, ufunguo anao mwingine. Vitasa vingi vya Ulaya vya ufunguo haviachii ufunguo mpaka ulimi uwe umefungwa, kwa hiyo huwezi kuondoka ukaacha mlango wazi kwa kusahau. Ukinunua, jaribu hilo dukani.

Mdau wa Nairobi

Buda, hii ni noma, asante. Swali: nikitaka kuagiza kitasa pekee kutoka nje, nimuulize nini muuzaji? Na hakuna shida na polisi mtu akiwa na vitasa kumi vya sefu nyumbani?

Mwanzisha uzi

Kaka, picha ya mbele haikusaidii kitu. Muombe picha ya kifuniko cha nyuma kikiwa kimefunguliwa, magurudumu yakionekana, na picha ya lebo ya UL au ya EN 1300 kwa karibu, iliyobandikwa kwenye kasha na siyo kwenye boksi. Muombe video fupi anasukuma ulimi kifuniko kikiwa nje. Anayeuza kitu cha kweli hatachukia. Anayekujibu "it is high quality my friend" bila picha, mpite. Uliza pia kama ufunguo wa kubadilishia umo, na urefu wa shafti, kwa sababu shafti inakatwa kulingana na unene wa mlango, na iliyokatwa tayari kwa mlango mwembamba haiwezi kurefushwa. Kwenye karatasi za forodha kitasa kinaingia kichwa (namba ya aina ya bidhaa) 8301, sefu kamili 8303. Hakikisha wakala hajavichanganya.

Kuhusu polisi, mimi kila kitasa kina risiti au barua ya mnada kwenye faili. Kwa muuza chuma chakavu namwomba aandike kwa mkono kilikotoka, jina lake na tarehe. Kitasa kilichokatwa kwa grinda kutoka kwenye mlango, ambacho muuzaji hataki kusema kilikotoka, sikigusi hata kama ni adimu. Na namba za siri nilizozikuta kwenye kitasa cha mnada nazifuta siku hiyo hiyo, sizipigi picha, kwa sababu ofisi iliyokiuza inaweza kuwa bado inatumia namba hizo hizo kwenye sefu nyingine. Hata humu, tafadhalini, msiweke picha ya magurudumu yakiwa yamepangana kwenye sefu inayotumika.

Fundi wa Arusha

Mkuu, nakupa tano. Mimi ni fundi vitasa, naongezea moja. Wateja wananiletea kitasa kizuri cha Marekani waliagiza wenyewe, halafu nakuta nyuzi za matundu ya skrubu kwenye sefu yao zimeshaliwa. Umeligusia?

Mwanzisha uzi

Sijaligusia fundi, na ni muhimu. Skrubu za vitasa vya Kimarekani ni za inchi, robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi. Hiyo ni milimita 6.35. Mtu anachukua M6 ya dukani, anaona inaingia, anakaza. Nyuzi za M6 zina hatua ya milimita 1, za Kimarekani milimita 1.27, kwa hiyo inashika raundi mbili tatu za kwanza kisha inakata nyuzi. Kitasa kinabaki kinaning'inia kwa makombo, na mlango ukipigwapigwa kinahama, namba zinaanza kugoma, mwenye sefu analaumu kitasa. Nunua kitasa na skrubu zake ndani ya pakiti. Kama zimepotea, peleka mlango kwa fundi mwenye tepu (chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) ya robo-ishirini, asafishe nyuzi kwanza, halafu akaze kwa mkono, zote nne kwa zamu.

Fundi, wewe unayo hiyo tepu Arusha? Kuna watu wa Moshi wameniuliza PM, nikuelekezee?